Grainda Mikononi Mwetu: Ajali Huanza Kabla ya Swichi

Anayepita Mtambile, awe anaelekea Mkoani au Chake Chake, si ajabu kuisikia sauti ya grainda. Mashine hii ndogo ya umeme hukata nondo za msingi, husawazisha maungio ya milango ya chuma na hupunguza vigae vya sakafu. Kazi iliyomchosha fundi kwa msumeno wa mkono, yenyewe huimaliza kwa dakika chache. Wepesi huo ndio unaotusahaulisha nguvu zake.

Nguvu hizo zinapimika. Jiwe la inchi nne na nusu, yaani milimita 115, kwa kawaida huruhusiwa kuzunguka hadi mara 13,300 kwa dakika. Kwa mwendo huo, ukingo wake hukimbia mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kipande kinachobanduka hapo hufika jichoni kabla jicho halijapepesa. Kwa hiyo uzoefu wa miaka mingi na wepesi wa mkono havimwokoi fundi. Kinachomwokoa ni yale aliyoyafanya kabla ya kubonyeza swichi, na hilo ndilo somo letu.

Kulichagua jiwe

Kila jiwe lina maandishi, na kuyasoma ni sehemu ya kazi. Tazama kipenyo chake, kazi lililokusudiwa na kasi ya juu linayoistahimili. Kasi hiyo isiwe chini ya kasi iliyoandikwa kwenye mashine. Jiwe la inchi tisa huruhusiwa mizunguko 6,600 tu kwa dakika. Anayeondoa kinga ili alipachike kwenye mashine ndogo huliendesha karibu mara mbili ya uwezo wake, nalo huweza kupasuka vipande mikononi mwake.

Jiwe jembamba la kukatia lisitumiwe kusagia kwa ubavu, kwani huvunjika. Wala usipachike msumeno wa duara wenye meno ya kukatia mbao. Meno hayo huing'ang'ania mbao, na mashine huruka ghafla kumrudia aliyeishika.

Sisi wa visiwani tuna adui mwingine, nao ni unyevunyevu. Jiwe la kukatia chuma limeshikanishwa kwa gundi maalumu ambayo hudhoofika kwa unyevu na kwa umri. Ndiyo maana mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi huchapwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati yake. Mawe yahifadhiwe pakavu, yakiwa yamelazwa sawasawa. Lililolowa, lenye ufa au lililopitwa na tarehe livunjwe, asije mwingine akaliokota na kulitumia. Jiwe jipya likishafungwa, liache lizunguke bure kwa nusu dakika, likielekezwa mbali na watu.

Kinga na mavazi

Baadhi ya mafundi huiondoa kinga ya jiwe wakidai inawazuia kuona. Jiwe likipasuka, kinga hiyo ndiyo ukuta baina yake na uso wa fundi. Mpini wa pembeni nao haukuwekwa kwa pambo: grainda hushikwa kwa mikono miwili, na fundi husimama kando ya mstari wa jiwe, si mbele yake.

Miwani ya jua si kinga. Itakiwayo ni miwani ya kazi iliyoziba pembeni, pamoja na vizibo vya masikio. Anayekata vigae, matofali ya saruji au mawe avae barakoa nzuri ya vumbi, kwa kuwa vumbi lake lina silika, ambayo hulitia pafu makovu yasiyopona. Kikoi, kanzu na mikono mipana ya nguo visivaliwe kazini, kwani jiwe huvidaka na kuuvuta mwili.

Umeme unapokatika

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Hata hivyo, umeme huweza kukatika wakati wowote. Fundi aliyefunga swichi ili isiachie huiweka mashine chini na kwenda zake kupumzika. Umeme ukirudi, mashine nyingi hujiwasha zenyewe na kurukaruka sakafuni, pengine miguuni mwa mtoto. Umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe plagi. Fanya hivyo pia kila unapobadilisha jiwe.

Haki ya jirani

Cheche ni chembe za chuma chenye moto, nazo huruka mita kadhaa. Usikate chuma karibu na paa la makuti, petroli ya boti au majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Pipa lililowahi kuwekwa mafuta lisikatwe kwa grainda hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka. Watoto wanaopita kwenda skuli na chuoni wasiachwe kusimama kutazama.

Chembe ikiingia jichoni, usilifikiche, wala mwenzako asijaribu kuichokoa kwa kijiti au ncha ya kitambaa. Lifunike jicho bila kulibana, kisha ufike kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, siku hiyo hiyo. Chembe ya chuma hushika kutu ndani ya jicho, na kila saa ya kungoja huongeza madhara.

Wenye karakana wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, imeuweka ulinzi wa mfanyakazi katika dhamana ya mwajiri. Kijana anayejifunza kazi apewe miwani kabla ya kupewa mashine.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kubonyeza swichi, fundi ajiulize: Je, jiwe hili ni la kazi hii na la mashine hii? Je, kinga, mpini na miwani vipo mahali pake? Je, cheche zangu zitaangukia wapi, na nani yuko hapo? Akikosa jibu la swali moja, mashine isiwashwe. Miwani iliyopasuka hununuliwa nyingine. Jicho halina duka.