Bushi ya feni haitaki msasa

Feni inayozunguka kwa shida, au inayokwaruza kila ukiiwasha, si lazima iwe na tatizo la umeme. Anza kukagua bushi, kile kipete cha rangi ya kahawia kinachoshika shafti mbele na nyuma ya mota. Ukikitazama juujuu utadhani kimekerezwa kutoka kwenye kipande cha shaba. Kumbe kimetengenezwa kwa unga, na ndiyo maana tiba nyingi za mtaani hukiua.

Kiwandani huchanganywa unga wa shaba, takriban sehemu 9, na sehemu 1 ya bati, yale madini yanayochimbwa Kyerwa, si bati la kuezekea. Unga humiminwa kwenye kalibu ya chuma na kushindiliwa kwa presi. Kinachotoka kina umbo kamili lakini hakina nguvu. Ukikiangusha kinavunjika kama chaki. Kisha huingia kwenye tanuri la nyuzi 800 na kitu hivi za Selsiasi, katika gesi inayozuia unga usiungue. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo hapa haiyeyuki. Bati ndilo huyeyuka na kupenya ndani ya shaba, chembe zikashikana pale zinapogusana. Kati ya chembe hizo hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho, kama moja ya tano ya bushi nzima, navyo hujazwa oili. Shafti ikizunguka, bushi hupata joto na oili hutoka. Mota ikipoa, vitundu huifyonza irudi.

Sasa fikiria fundi anayeiosha bushi hiyo kwa petroli, akaipiga msasa, akamalizia na grisi. Petroli imeondoa oili yote ya ndani, chembe za msasa zimenasa vitunduni na zitaendelea kula shafti, na grisi imeziba kilichobaki. Feni itanyamaza wiki moja, kisha itarudi mezani kwake.

Ukinunua bushi mpya, ipime dukani. Ziba upande mmoja kwa kidole, ijaze oili nyepesi, kisha bonyeza juu kwa kidole gumba. Iliyotengenezwa kwa unga itatoa jasho la oili kwenye ukuta wa nje. Iliyokerezwa haitoi kitu. Ukipata ya unga, iloweke usiku kucha kwenye oili safi ya mashine, halafu isukume mahali pake taratibu kwa jiliwa, nyundo huipasua. Kile kitambaa kizito kinachoizunguka usikitupe, ndiyo akiba yake: kiloweshe oili pia. Na kama shafti imelika, bushi mpya haitasaidia.

Wenye karakana wanaofikiria kuagiza vipuri vilivyotengenezwa kwa unga namna hii, gia ndogo kwa mfano, wakumbuke kwamba presi hushindilia kutoka juu na chini tu. Tundu la ubavuni au nyuzi za skrubu haziwezi kutoka kwenye kalibu. Zitachongwa baadaye, kwa gharama nyingine. Kipuri kirefu chembamba hushindiliwa vizuri kwenye ncha, katikati kikabaki dhaifu, kwa sababu unga hukwama kwenye kuta za kalibu. Pembe kali nazo humeguka, afadhali ziviringwe kidogo. Kalibu yenyewe ni ghali na hujilipa kwa maelfu ya vipande. Anayehitaji kumi tu aende kwa mkerezaji.