Mwili wa Mcheza Ngoma: Hesabu ya Kazi, Chakula na Afya

Katika vitabu vya shule ngoma huelezwa kama sehemu ya utamaduni, na sayansi ya mwili hupewa sura yake ya pekee. Kwa kijana anayecheza, mambo haya mawili hayatengani. Kila anaporuka, kuinama au kutikisa mabega kwa kufuata ngoma, mwili wake unateketeza chakula, unatoa joto, unatumia maji na kuilazimisha mifupa ihimili mapigo. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hesabu rahisi, zisizozidi uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, zinavyoweza kutuambia kama mwili huo unajengwa au unabomolewa.

Ngoma zetu nyingi zilizaliwa karibu na shamba na jiko. Bugobogobo ya Wasukuma, ambayo huchezwa kwa majembe mikononi, ni mfano mzuri: kazi, ngoma na chakula vilikuwa katika uwanja mmoja. Siku hizi ngoma imekuwa pia taaluma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Katika jiji la Dar es Salaam vijana hucheza katika vikundi vya ngoma, na wengine ni wanenguaji katika bendi za muziki wa dansi. Kijana wa namna hii huamka alfajiri, husimama ndani ya daladala, hushinda kazini au masomoni, kisha huenda mazoezini mbali na jiko la nyumbani. Kazi ya mwili wake imebaki kubwa kama ya mkulima, ila utaratibu wake wa kula umevunjika. Hapa ndipo hatari ilipo.

Nishati inayotumika kwa siku

Hata mtu aliyelala hutumia nishati. Moyo hupiga, mapafu hupumua, ubongo na ini hufanya kazi. Nishati hiyo tutaiita nishati ya msingi, na tutaipima kwa kilokalori. Kwa mwanamke mwenye umri wa miaka 18 hadi 30, hukadiriwa kwa kuzidisha uzito wake katika kilo kwa 14.8, kisha kujumlisha 487.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 19 mwenye uzito wa kilo 50. Nishati yake ya msingi ni 14.8 × 50 + 487, yaani takriban kilokalori 1230 kwa siku, au 51 kwa saa. Kila shughuli nyingine huhesabiwa kama kizidisho cha kiasi hicho. Siku yake yaweza kugawanywa hivi:

Kulala: saa 8 × 1.0 = 8.0
Kukaa (masomo, kula, mazungumzo): saa 8 × 1.4 = 11.2
Kazi za nyumbani za kusimama: saa 3 × 2.5 = 7.5
Kutembea: saa 2 × 3.0 = 6.0
Mazoezi ya ngoma: saa 3 × 5.0 = 15.0
Jumla: saa 24, vizidisho 47.7

Tukizidisha 47.7 kwa 51 tunapata takriban kilokalori 2430. Kama angekaa tu katika zile saa tatu za ngoma, angetumia kilokalori 550 pungufu. Kwa hiyo 550 ndiyo gharama ya ngoma yenyewe. Tuikumbuke namba hii, kwa maana tutairudia.

Nishati inayoingia

Sasa tuangalie chakula. Msichana huyo anakunywa chai ya rangi yenye sukari na kula maandazi mawili asubuhi: kilokalori 340. Mchana hana nafasi wala fedha za kutosha, naye anakunywa soda moja: 130. Usiku anarudi nyumbani na kula ugali wa gramu 200 za unga (720), mchicha uliopikwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta (140), na dagaa wakavu gramu 30 (100). Jumla ni kilokalori 1430.

Msomaji aweza kusema kwamba usiku alishiba, na ni kweli. Lakini kushiba mara moja si sawa na kutosheka kwa siku nzima. Tukiondoa zile 550 za ngoma, zinabaki 880 tu za kuuendesha moyo, ubongo, damu, mifupa na uzazi.

Je, 880 ni nyingi au ni chache? Wataalamu hugawanya kiasi kinachobaki kwa uzito wa mwili usio wa mafuta, yaani misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji. Tukikadiria kwamba msichana wetu ana kilo 10 za mafuta, uzito huo ni kilo 40. Basi 880 ÷ 40 = 22. Kila kilo ya mwili wake imebakiwa na kilokalori 22 kwa siku.

Mwaka 2003 watafiti Anne Loucks na Jean Thuma wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanawake vijana wenye afya. Waliwapa kwa siku tano viwango mbalimbali vya nishati na kupima homoni katika damu yao. Wanawake waliobakiwa na kilokalori 45 kwa kila kilo walikuwa katika hali ya kawaida. Kiwango kiliposhuka chini ya 30, mapigo ya homoni inayoongoza kazi ya ovari yalianza kuvurugika. Namba 30 si ukuta ulio sawa kwa kila mtu, kwani miili hutofautiana. Hata hivyo, mwenye 22 yuko mahali pa kutia wasiwasi.

Mwili unavyobana matumizi

Mwili unaopungukiwa hufanya kama kaya yenye mapato madogo: huacha kwanza matumizi yasiyo ya lazima kwa uhai wa leo. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupunguza ishara zake kwa tezi ya pituitari, nayo pituitari hupunguza ishara kwa ovari. Homoni ya estrojeni hupungua. Hedhi huchelewa, hurukaruka, au hukoma kabisa.

Baadhi ya wasichana, na hata baadhi ya walimu wa michezo, hudhani kwamba kukoma kwa hedhi ni dalili ya mazoezi mazuri. Dhana hiyo ni potofu na ina madhara. Estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usimomonyolewe kwa kasi kuliko unavyojengwa. Miaka ya ujana ndiyo miaka ya kuweka akiba ya mifupa, na akiba isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuilipa baadaye. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michelle Warren walitoa taarifa juu ya wachezaji 75 wa baleti, sanaa ambayo kwa muda mrefu imedai wembamba. Waliona kwamba mivunjiko ya mifupa iliongezeka kadiri wachezaji walivyochelewa kuvunja ungo.

Ngoma zetu za jadi hazikumdai mchezaji awe mwembamba. Sindimba ya Wamakonde hudai kiuno chepesi na miguu imara, bila kuuliza uzito. Lakini mwili hauulizi kwa nini chakula kimepungua. Kama mchezaji amejinyima ili apendeze jukwaani, au amekosa nafasi na fedha ya mchana, haipothalamasi hutoa jibu lile lile. Wavulana pia hawakusalimika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba upungufu huu wa nishati huwapata wanaume vilevile. Kwao homoni ya testosteroni hupungua, na mifupa na kinga ya mwili hudhoofika, bila dalili ya wazi kama hedhi.

Mapigo ya sakafu

Mfupa dhaifu hukutana na sakafu. Tuseme mchezaji ameruka sentimita 30. Anapotua, mwili wake husimamishwa katika umbali mfupi. Kwa kanuni ya kazi na nishati, wastani wa nguvu inayomsukuma kutoka chini ni uzito wake mara (1 + h/d), ambapo h ni kimo cha kuruka na d ni umbali wa kusimama. Akitua kwa magoti magumu, d ikiwa sentimita 10, nguvu hiyo ni mara 4 ya uzito wake. Akikunja magoti vizuri, d ikiwa sentimita 30, ni mara 2 tu. Uwanja wa mchanga huongeza kidogo umbali huo. Sakafu ya saruji haiongezi chochote. Kwa hiyo fundi wa ngoma anayesisitiza magoti laini anafundisha fizikia, hata kama hakuisoma darasani.

Joto na maji

Katika misuli, si zaidi ya robo ya nishati inayogeuka kuwa mwendo. Sehemu iliyobaki huwa joto. Saa tatu za mazoezi hutumia 15 × 51, yaani kilokalori 765, na robo tatu zake ni takriban 570. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa karibu kilokalori 580. Kwa hiyo mchezaji wetu anahitaji walau lita moja ya jasho ili joto lisimzidie. Lakini katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ya pwani, jasho jingi hudondoka kabla ya kukauka, na jasho lililodondoka halipozi mwili. Njia rahisi ya kujua maji yaliyopotea ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Hayo ni maji ya kurudishwa, wala si mafuta yaliyokwisha.

Furaha inayoficha maumivu

Tusije tukadhani kwamba ngoma ni hasara kwa mwili. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari nchini Brazili. Wanafunzi waliocheza kwa kwenda pamoja, na waliocheza kwa nguvu, walistahimili maumivu zaidi baada ya kucheza, nao walijiona wako karibu zaidi na wenzao. Mababu zetu walilijua jambo hili bila vipimo: ngoma huunganisha watu na kuwapa faraja.

Lakini matokeo hayo yana upande wa pili. Ikiwa ngoma huongeza ustahimilivu wa maumivu, basi mchezaji aliye katikati ya wenzake ni shahidi asiyetosha wa hali ya mwili wake. Mguu wenye ufa mdogo katika mfupa hautalia kwa sauti ya kutosha mpaka ngoma inyamaze. Ndiyo maana tunahitaji hesabu, na tunahitaji mwalimu mwenye macho.

La kufanya

Turudi kwenye chakula. Msichana wetu aache soda na kunywa glasi moja ya maziwa ya mgando (150). Mchana ale kwa mama lishe wali na maharage (650). Kabla ya mazoezi ale ndizi mbivu mbili (200), na baada yake karanga gramu 30 (170). Jumla mpya ni 2470. Tukiondoa 550 na kugawanya kwa 40, tunapata 48. Amevuka 45 bila chakula chochote cha anasa. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao humpa kalsiamu. Maharage, mchicha na dagaa humpa madini ya chuma kwa ajili ya damu. Chai inywewe mbali na mlo, kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe. Ndimu, embe au chungwa likiliwa pamoja na mlo husaidia kukifyonza.

Penye uhaba wa fedha, kikundi chenyewe kinaweza kuchangia chungu kimoja cha maharage au mihogo siku za mazoezi. Mwalimu wa kikundi ahesabu mlo huo kuwa sehemu ya mazoezi, kama anavyohesabu ngoma na manyanga. Msichana ambaye hedhi yake imekosekana kwa miezi mitatu mfululizo, baada ya kuhakikisha kwamba hana mimba, aende kwa daktari. Kijana mwenye maumivu ya mfupa yanayorudi mahali pale pale kila anapocheza naye afanye hivyo. Mambo haya yazungumzwe kwa staha na kwa siri, wala yasiwe mzaha wa darasa.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa mwanamume wa miaka 18 hadi 30, nishati ya msingi ni uzito katika kilo × 15.1, jumlisha 692. Tafuta mahitaji ya siku ya mvulana wa kilo 60 mwenye ratiba ile ile.
2. Msichana wa mfano wetu akiongeza mazoezi hadi saa 4 kwa kupunguza saa moja ya kukaa, huku akila kilokalori 2470, kila kilo ya mwili usio wa mafuta itabakiwa na kilokalori ngapi?
3. Mchezaji aruka sentimita 40 na kusimama katika umbali wa sentimita 20. Nguvu ya wastani ni mara ngapi ya uzito wake?
4. Andika vyakula ulivyokula jana na kazi ulizofanya. Je, mapato na matumizi ya mwili wako yanalingana?

Mtumbwi hauendi bila kafi. Ngoma nayo haiendi bila mlo, na kijana anayetuburudisha jukwaani anastahili kuwa na mifupa itakayombeba hata atakapokuwa bibi au babu.