Adui Akiwa Steringi: Vidokezo vya Kuhakiki Toleo la Kwanza

Umepata toleo la kwanza la katuni ambayo wahusika wake wakuu si mashujaa bali maadui wao, na wenzako wa Kwamsisi, Handeni, wanakuuliza kama inafaa. Kabla hujawaandikia:

1. Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma kwa raha yako. Ya pili, funika maneno kwa kiganja utazame picha tu. Kama macho na mikono ya wahusika haikuonyeshi nani anamwogopa nani, mchoroni kuna kasoro, na uiseme.

2. Tafuta adui anataka nini. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana adui anayeua kwa kuwa tu ni mbaya huchosha mapema. Handeni kote tuna mfano wa nyumbani: Kisabengo, Mzigua aliyewakusanya watumwa waliotoroka akajenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru, ilipo Morogoro ya leo. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871, mji ukiwa mikononi mwa Simbamwene, binti wa Kisabengo, alimwandika baba huyo marehemu kuwa mnyang'anyi na mteka watu. Mtumwa aliyepata kimbilio nyuma ya ukuta ule angemwitaje? Na aliyetekwa na watu wake je? Katuni ya maadui inapaswa kuyabeba maswali yote mawili. Ikimsafisha adui mpaka walioumizwa wakatoweka kwenye kurasa, kwangu imeshindwa, hata ichorwe vizuri namna gani.

3. Usimwage siri. Thunderbolts namba 1 ya Marvel, ya mwaka 1997, iliyoandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na Mark Bagley, ilionekana kuwa habari za mashujaa wapya. Mwishoni msomaji anagundua ni genge la maadui wa zamani, chini ya Baron Zemo, wamevaa sura mpya. Leo siri hiyo inajulikana, ndiyo maana naitaja. Wakati ule mhakiki angeweza kuifichua kwa sentensi moja. Andika kwamba mwisho unashtua, kisha rudi nyuma ukaangalie kama dalili zilipandwa au mwandishi amekuvizia tu.

4. Taja mwandishi, mchoraji na aliyetia rangi. Wote wamefanya kazi.

5. Usidai hadithi iishe. Dai umjue adui kiasi cha kumtafuta tena. Ndumilakuwili wa jarida la Sani alikuwa laghai, na bado wasomaji walimfuata toleo baada ya toleo.

6. Sema bei, na sema inamfaa nani. Kama kuna damu, taja ukurasa wake, ili mzazi aufungue kwanza kabla ya kumkabidhi mtoto wa darasa la tatu.