SOMO LETU: WAKILI WA MIRATHI, NI WAKILI WA NANI?



Katika vikundi vya Kericho na Bomet kuna shida moja inayorudi kila mara. Mzee mwenye nambari ya majani chai amefariki. Malipo ya kila mwezi yamesimama benki kwa sababu akaunti ni ya marehemu. Majani yanaendelea kukua, wachumaji wanataka pesa, shule inataka karo, na mama hawezi kugusa hata shilingi moja. Hapo ndipo watu wanaanza kukimbia kutafuta wakili, na mwenye haraka humchukua yule wa kwanza kukutana naye.

Leo tujifunze kuchagua wakili bila haraka. Na tuseme tangu mwanzo: wakati mzuri wa kumtafuta ni mzee akiwa hai, ana akili timamu, na anaweza kusema mwenyewe anachotaka.

Swali la kwanza

Wengi huuliza, "Huyu loya ni mkali?" Ni swali zuri, lakini liwe la pili. La kwanza ni hili: "Huyu ni wakili wa nani?" Wakili humfanyia kazi yule aliyempa kazi. Kijana mkubwa akimtafuta, akamlipa na kumpa majina ya warithi, basi kijana ndiye mteja. Mama na mabinti wakiitwa kutia sahihi tu, wao hawana wakili, hata kama wameketi katika ofisi yake na kupewa chai. Wana haki ya kusema, "Hatutii sahihi leo. Tutasomewa kwanza." Wana haki pia ya kutafuta wakili wao.

Tuchukue mfano. Mzee ana ekari 3 za chai na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto 5, ya pili ina mama na watoto 2. Hakuandika wasia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema mali igawanywe kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane ahesabiwe kama mtu mmoja zaidi. Nyumba ya kwanza ni watu 6, ya pili ni 3. Hivyo ya kwanza inapata ekari 2 na ya pili ekari 1. Wakili aliyeletwa na nyumba moja akiambiwa kwamba nyumba nyingine haipo, karatasi zitaenda kortini bila majina yao. Lakini hati iliyopatikana kwa kuficha habari, korti inaweza kuifuta. Pesa zimeliwa, kazi inaanza upya, na ndugu hawasalimiani.

Na mabinti je?

Wengi husema, "Binti ataolewa, shamba ni la wavulana." Tukumbuke shauri la Rono kutoka Uasin Gishu. Mzee alifariki mwaka 1988 bila wasia, akaacha wake wawili, watoto wa kiume na wa kike, na shamba la ekari 192. Mahakama Kuu iliwapa mabinti sehemu ndogo kuliko wavulana. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilibadilisha uamuzi huo, ikasema kuolewa au kutoolewa si sababu ya kumpunguzia binti. Wakili anayekuambia mabinti hawahesabiwi, ama hajui sheria, ama anakuambia unachotaka kusikia.

Mambo matano ya kuangalia

1. Leseni. Wakili hupata leseni mpya kila mwaka. Kijana mwenye simu atafute jina lake katika tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya aone kama anaruhusiwa kufanya kazi. Familia inaweza kupeleka ombi kortini yenyewe, lakini broka wa nje ya korti ambaye si wakili haruhusiwi kulipwa kwa kazi hiyo.

2. Maswali yake. Wakili mzuri huuliza kwanza juu ya watu: wake, watoto wote, wazazi waliotunzwa, madeni. Halafu huuliza mali yote: hati ya shamba, hisa za kiwanda cha chai, benki, ng'ombe. Atauliza pia nani ameandikwa kuwa mrithi katika SACCO, kwa sababu pesa za huko hufuata jina hilo. Anayeanza kwa kuuliza shamba lina thamani gani, mwangalie vizuri.

3. Malipo. Mwandikiane mapema. Ada ya korti iandikwe mbali na malipo ya wakili, na kila shilingi iwe na risiti. Kwa kesi ya kortini, Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya kulipwa tu mkishinda, wala wakili kununua sehemu ya haki mnayoigombea. Basi akisema, "Mtanipa nusu ekari tukishinda," ondokeni.

4. Hati. Msimwachie hati asili ya shamba bila kuandikiana kwamba ameipokea. Mbaki na nakala ya kila karatasi.

5. Lugha. Aeleze mpaka mama aelewe. Kama mama anasikia Kipsigis tu, atafsiriwe na mtu ambaye hana fungu katika mali hiyo.

Wasia au amana?

Wasia wa kuandikwa unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na heri wasiwe warithi. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufaa tu mzee akifariki ndani ya miezi 3. Amana ya familia, ambapo mali hushikwa na wadhamini kwa faida ya wengine, inaweza kusaidia nyumba yenye mtoto asiyeweza kujisimamia. Kwa shamba dogo, mara nyingi wasia unatosha. Wakili akikusukuma kwenye amana, aeleze kwa nini wasia hautoshi.

Kama mzee amekwisha fariki

Pateni barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na isomwe mbele ya familia nzima kabla haijaenda kortini. Korti hutangaza ombi katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6. Kabla ya hapo, kuuza hata kipande cha shamba hakuruhusiwi, na anayejichukulia mali ya marehemu anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Wakili akiwakosea, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili. Asiye na uwezo wa kulipa aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nyumba ngapi ambazo nambari ya chai na akaunti viko kwa jina la mtu mmoja tu?
2. Barua ya chifu ikiandikwa leo kwa boma lako, ni jina la nani linaweza kuachwa? Kwa nini?
3. Ni nani kati yetu amekwisha angalia jina la mrithi wake katika SACCO?

Tunaomba kila mwanachama aende nyumbani na swali la pili, aliulize akiwa na mzee na watoto wote, wa kiume na wa kike. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.