Ramani ya Mvua: Usiangalie Rangi Tu!

Hebu fikiria ni mwezi wa Aprili, masika, uko Mabogini. Jioni hakuna hata tone, ila upande wa Uru mlima umefunikwa na wingu jeusi. Unasema, "Aa, hiyo mvua ni ya huko kwao," unalala zako. Usiku wa manane Mto Rau unafurika, ndala zinaelea chini ya kitanda. Mvua ilinyesha juu, maji yakashuka kwenu.

Ndiyo maana tujifunze kusoma ramani za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Ramani inasemaje?

Utabiri ni wa siku tano. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi hudhani rangi inapima wingi wa mvua peke yake. Sivyo! Inaunganisha mambo mawili: uwezekano wa hali hiyo kutokea, na ukubwa wa madhara yake. Kwa hiyo soma na maelezo yake. Njano siyo ruhusa ya kulala.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa mapema. Kilipungua nguvu kilipofika Mafia, lakini waliojiandaa hawakupoteza kitu.

Ukiona Kilimanjaro imepakwa rangi:

1. Waambie wazee nyumbani na majirani. Siyo kila mtu ana simu.
2. Kubalianeni mtakimbilia wapi palipoinuka, na nani atamshika bibi na watoto.
3. Dawa za kila siku, kama za kisukari, presha au ARV, pamoja na kadi za kliniki, weka kwenye ndoo yenye mfuniko.
4. Jaza maji safi mapema. Vyoo vikifurika, kisima huchafuka, na kipindupindu hakichagui mtu. Maji ya kunywa yachemke kweli kweli.
5. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yako magotini. Yanaangusha mtu mzima!
6. Maji yakipungua, mbu huongezeka. Lala ndani ya chandarua.

Jadili na wenzako

Kwenu maji hupitia wapi kwanza? Usiku yakija, nani atawaamsha wengine?