SOMO LA 14: AKAUNTI NA UMILIKI WA FAILI KATIKA SEVA

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao. Tuseme seva imewekwa Njombe mjini, na ndani yake mna faili la alama za wanafunzi. Walimu walioko Makambako huweza kulisoma bila kusafiri. Je, seva hujuaje nani akubaliwe na nani akataliwe?

Akaunti
Kila mtumiaji hupewa akaunti yenye jina na neno la siri. Programu nayo hupewa akaunti yake, ambayo mtu haitumii.

Umiliki na ruhusa
Mfumo wa Unix ulianza kutengenezwa Marekani mwaka 1969. Mfumo wa Linux, uliotolewa mwaka 1991, hufuata utaratibu wake. Kwa kila faili, watumiaji hugawanywa katika mafungu matatu: mmiliki, kikundi, na wengine wote. Ruhusa za kila fungu huandikwa kwa tarakimu:

kusoma = 4
kuandika = 2
kuendesha = 1

Tarakimu hizo hujumlishwa. Faili la alama likiwa na ruhusa 640, mmiliki, yaani programu ya alama, husoma na kuandika (4 + 2 = 6). Kikundi cha walimu husoma tu (4). Wengine hawaruhusiwi lolote (0).

Akaunti kuu
Akaunti iitwayo root haizuiwi na ruhusa hizo. Huweza kubadili na kufuta kila faili. Kwa hiyo programu isiendeshwe kwa akaunti hiyo pasipo lazima. Mtunza ghala la mahindi akiwa na ufunguo wa ghala peke yake, mwizi atakayemnyang'anya ataingia ghalani tu. Akiwa na funguo zote za kijiji, hata zahanati haitasalimika.

Jaribio
Andikeni "Alama, 640" juu ya bahasha. Mwanafunzi mmoja awe programu, wawili wawe walimu, wawili wawe wapita njia, na mmoja awe seva. Kila mmoja aiombe seva ruhusa ya kusoma, kisha ya kuandika. Seva ijibu kwa kufuata tarakimu. Andikeni majibu katika jedwali.

Maswali
1. Kwa nini programu hupewa akaunti yake?
2. Ruhusa ikibadilishwa kuwa 646, wapita njia wataweza kufanya nini? Alama zenu zitakuwa salama? Eleza.
3. Andika ruhusa ya faili ambalo mmiliki peke yake hulisoma na kuliandika.