Walivyotembea Kwenye Msitu wa Mlima Kenya

Swali: Wapiganaji wa Mau Mau wa Meru na Embu walitokaje msituni kushambulia bila kuonekana?
Msomaji, Runyenjes

Jibu: Walitoka usiku, wakifuatana mmoja mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga mwenzake, wa mwisho akifuta nyayo kwa tawi. Masikio yao yalikuwa kwa ndege na nyani. Hao ndio waliotoa habari za askari mapema. Pagumu palikuwa ukingoni mwa msitu, maana wakoloni waliwalazimisha wanakijiji kuchimba handaki refu lenye miti iliyochongwa. Miongoni mwa viongozi wao, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa amepigana Burma na KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kabla ya kuongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954. Lakini kiongozi mwingine, Musa Mwariama wa Meru, hakukamatwa. Alitoka msituni mwenyewe, uhuru ulipopatikana 1963, na huo kwangu ndio ushahidi mkubwa wa ustadi wao.